Mgonjwa Hatoi Ushirikiano

Katika maisha yangu mafupi ya uandishi nimekutana na sentensi mbaya nyingi, na nyingine nimeziandika kwa mkono wangu mwenyewe, mhariri ni shahidi. Lakini sentensi mbaya kuliko zote sikuikuta kitabuni. Niliisikia mlangoni pa chumba cha wagonjwa mahututi, mwezi Julai 2022, katika hospitali moja kubwa ambayo jina lake nalimeza kwa sababu kosa si lake peke yake. Sista alifungua mlango nusu, akatutazama mimi na mkaza mjomba, akasema: "Mzee wenu hatoi ushirikiano. Amekataa kula tena."

Kisha akafunga.

Hatoi ushirikiano! Ungedhani mjomba ni mjumbe wa nyumba kumi aliyegoma kuja kikaoni. Kwenye faili walikuwa wameandika kwa Kiingereza, na siku faili lilipoachwa wazi mezani nikaisoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne: ilikuwa ileile. Hapo ndipo nilipoapa kwamba nitaandika makala haya, na kwamba nitayaandika nikiwa na hasira. Miaka imepita lakini hasira bado ninayo, nimeitunza kama mtu anavyotunza risiti.

Mjomba wangu ni seremala. Wakati ule alikuwa na miaka 54, mtu wa kifua, mwenye viganja ambavyo akikupa mkono unaweza kujuta. Pikipiki ilimgonga akivuka barabara na mbao begani. Mbavu nne zikavunjika, pafu likaumia, nimonia ikafuata, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia siku 11. Alikuwa katika usingizi wa dawa, mpira mmoja mdomoni kwa ajili ya hewa, mwingine puani kwa ajili ya chakula, mwingine wa mkojo, na mikono imefungwa kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda asije akaing'oa hiyo mipira bila kujitambua. Sisemi vibaya juu ya hayo. Bila mashine ile tungemzika Julai hiyohiyo. Madaktari na masista wale walikesha, wachache kwa wagonjwa wengi, na mimi nawashukuru mbele ya watu wote. Lakini shukrani si plasta ya kunibandika mdomoni.

Chakula chake kilitoka nyumbani. Mkaza mjomba aliamka saa kumi alfajiri, akapika uji mwepesi wa maziwa, akatia mafuta na sukari kwa vipimo alivyopewa na afisa lishe, akauchuja kwa kitambaa mara mbili usije ukaziba mpira, akautia kwenye chupa ya chai na kukimbilia daladala. Masista waliuvuta kwa bomba kubwa la sindano, wakausukuma taratibu kupitia ule mpira wa puani kila baada ya saa tatu, kisha wakaandika kwenye chati: kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimerudi. Chati ile ilikuwa nzuri jamani. Mistari imenyooka, namba zimekaa. Ukiitazama ungesema mtu huyu anatunzwa, na kweli alikuwa anatunzwa, kuanzia kooni kwenda chini.

Siku ya 12 mashine ikatolewa. Mkaza mjomba alipiga vigelegele mpaka askari wa mlangoni akaja kuuliza kuna harusi gani. Hapo sasa ndipo balaa likaanza. Mtu aliyekuwa akimaliza sahani mbili za ugali bila kupumzika akafunga mdomo. Mpira wa puani aliung'oa mara tu alipofunguliwa mkono. Ukarudishwa, akaung'oa tena. Kijiko kikija, anageuzia uso ukutani. Halii, hapigi kelele, hasumbui mtu. Alikuwa mgonjwa mpole kuliko wote mle ndani, na upole huo ndio uliotaka kumuua.

Siku nne zikapita hivyo. Pete ya ndoa ilivuka kidoleni yenyewe, mkaza mjomba akaifunga kwenye pindo la kanga.

Sasa sikilizeni tafsiri zilizotolewa. Kwa masista, hatoi ushirikiano. Kwa shangazi yangu aliyefika kutoka kijijini, ametupiwa kitu na dawa yake haiko hospitali. Kwa jirani yetu mlokole, ni roho ya mauti, inabidi ikemewe kwa jina. Na mimi je? Mimi msomi wa familia, mwandishi chipukizi, nilijiambia kimoyomoyo kwamba mjomba amekata tamaa ya kuishi. Nikaona ni huzuni yenye uzuri fulani, nikaiandika kwenye kaunta buku yangu kwa ajili ya riwaya. Naona haya kulisema lakini nalisema. Tafsiri nne, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mwenyewe.

Aliyemuuliza ni mama mmoja wa usafi. Alikuwa anapiga deki, saa nane za usiku, akaegemea mti wa deki lake akamwambia: "Baba, mbona huli? Wenzio wanautafuta huo uji hawaupati." Mjomba, ambaye kwa madaktari alikuwa akijibu kwa kutikisa kichwa tu, akamjibu kwa sauti iliyokwaruzwa na mpira: "Mama, hawa wananimiminia gundi."

Gundi! Ile gundi nyeupe ya mbao, ya kopo, ambayo ameishika tangu ujana wake. Kwa siku 11, nusu yu macho na nusu yu usingizini, mikono imefungwa, alikuwa akiona watu waliofunika nyuso wanamjia na bomba lenye kitu cheupe na kukisukuma ndani ya kichwa chake. Aliamini wanamgandisha viungo kama wanavyogandishwa miguu ya kiti. Aliamini tumbo limeshashikana. Alipofunguliwa mikono akafanya ambalo wewe na mimi tungefanya: aling'oa mpira, akafunga mdomo, akakaa kimya wasije wakamfunga tena. Nani hapo asiyetoa ushirikiano? Mtu yule alikuwa akiupigania uhai wake kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na sisi tukamwita mkaidi.

Mama yule hakumcheka wala hakubishana naye. Asubuhi akamwambia mkaza mjomba. Mkaza mjomba akaomba kuingia, akakataliwa kwa kuwa saa ya kuona wagonjwa haijafika, akaomba tena, akalia, akaruhusiwa. Akaifungua chupa ya chai mbele ya macho ya mumewe, akamnusisha, kisha akamimina kikombe akakinywa yeye mwenyewe mpaka chini. "Ni uji, Baba Zuhura. Nimeupika mimi." Daktari akaja, akamjaribu kumeza kwanza kwa maji, kijiko kimoja kimoja akiwa ameketishwa. Siku hiyo mjomba alikula vijiko vitano. Kwenye chati vijiko vitano si kitu. Sisi tulikwenda nyumbani tukalala kwa mara ya kwanza.

Mtasema hicho ni kisa kimoja cha seremala mmoja. La hasha. Hali ile ina jina, madaktari wanaiita deliriamu, na Kiswahili kilikuwa na neno lake kabla yao: kuweweseka. Tafiti za Marekani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuta kwamba katika wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia, karibu wanane kati ya kumi waliweweseka wakati fulani. Kati ya 10, wanane! Tena wengi wao hawapigi kelele. Tumezoea kudhani anayeweweseka ni yule anayerusha mashuka na kumtukana daktari. Yuko pia anayelala kimya anatazama dari huku ndani ya kichwa chake kuna moto, na huyo ndiye anayepita bila kuonekana, kwa sababu wodi yenye kazi nyingi inampenda mgonjwa aliyetulia. Tangu mwaka 2001 kipo kipimo ambacho muuguzi anaweza kukifanya kitandani kwa dakika chache, hata kwa mgonjwa asiyeweza kusema kwa sababu ya mpira mdomoni: anamtajia herufi moja moja na kumwambia aubonyeze mkono wake kila akisikia herufi A. Basi. Hakuna mashine, hakuna umeme, hakuna dola. Unahitajika mkono wa mtu na alfabeti.

Ngoja sasa niwaeleze kwa nini naunganisha kichwa na tumbo, maana wapo watakaosema kijana huyu anachanganya mambo, lishe ina wenyewe na akili ina wenyewe. Hapo hasa ndipo ugomvi wangu ulipo.

Mwili wa mahututi unajila wenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa London walichapisha vipimo vya msuli wa paja la wagonjwa wa namna hii: kwa siku kumi tu ulikuwa umepungua karibu asilimia 18. Siku kumi! Ndiyo maana wataalamu wanataka chakula kianze mapema, ndani ya saa 48, kupitia mpira. Sawa. Lakini mpira ukishatoka, nani anahesabu? Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata wagonjwa waliotolewa mpira wa hewa wakaanza kula kwa mdomo. Wiki nzima, kwa wastani, hawakufikisha hata nusu ya nguvu na protini walizohitaji. Hao ni Marekani, penye jiko la hospitali na sinia lenye mfuniko. Sembuse hapa, ambapo chakula kinategemea kama mkaza mjomba amepata nauli.

Na kwa nini hawali? Koo linauma. Ulimi umepoteza ladha. Dawa zinatia kichefuchefu. Hayo yote ni kweli na yana wataalamu wake. Lakini wapo pia wasiokula kwa sababu wanaogopa, kwa sababu hawajui ni usiku au mchana, kwa sababu wanaona aibu kwamba wakila watajisaidia kitandani mbele ya mkwe, kwa sababu wamesikia bei ya kitanda kwa siku wakakata shauri la kuipunguzia familia gharama. Hili la mwisho silitungi. Mzee wa kitanda cha pili alimwambia mwanawe hivyo, nikiwa nimesimama hapohapo na kanzu ya kijani ya kuazima. Nionyesheni kipimo cha damu kitakachoonyesha aibu. Nionyesheni uji unaotibu hofu ya bili.

Kibaya zaidi mambo haya yanakula pande zote mbili. Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, mwanasayansi Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, wazima wa afya na akili timamu, kwa miezi sita, mpaka wakapungua karibu robo ya uzito wao. Alitaka kujua namna ya kuwalisha watu waliotoka vitani. Alichokiona ni kwamba njaa iliwaharibu na roho pia: wakawa wazito wa mawazo, wenye hasira, wanaojitenga, wasioweza kuwaza jambo moja likakamilika. Na hao walikuwa wazima, hawajavunjika ubavu, hawana mpira, wanajua wako wapi! Sasa mchukue mtu aliyekwisha kuweweseka, asile siku nne kwa hofu, halafu njaa nayo imwongezee uzito wa moyo, halafu huo uzito umfunge mdomo siku nne nyingine. Gurudumu hilo utalisimamisha na chati?

Nimeambiwa na rafiki yangu mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, kwamba nina chuki na mashine. Sina. Nataka tu tukumbuke chumba hiki cha mahututi kilizaliwaje, maana nilipokisoma kisa chake kwenye maktaba ya mkoa niliweka kitabu chini nikatoka nje kupunga hewa.

Ilikuwa mwaka 1952, mjini Copenhagen, Denmark. Polio ilikuwa imeingia, watu wanapooza misuli ya kupumulia, watoto wengi kwa vijana, na katika hospitali ya Blegdam mashine za kupumulia zilikuwa chache mno. Daktari wa usingizi aitwaye Bjørn Ibsen akashauri: koo litobolewe, uingizwe mpira, hewa isukumwe kwa mkono kwa kuminya mfuko. Mwezi Agosti mwaka huo wakaanza na msichana wa miaka 12, akanusurika kifo. Sasa nani ataminya mifuko ya wagonjwa wote hao, mchana na usiku, kwa wiki na miezi? Wakaitwa wanafunzi wa udaktari na wa meno, kama 1,500 kwa jumla, wakapangwa zamu. Kila mgonjwa na mwanafunzi wake pembeni, amekaa kwenye kiti, anaminya mfuko saa baada ya saa. Na kwa kuwa mkono mmoja uko kazini lakini mdomo uko bure, wakawasomea watoto hadithi. Vifo vikashuka sana. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua chumba maalumu cha wagonjwa wa namna hiyo, na ndicho mama wa vyumba vyote vya ICU tunavyovijua.

Umeona? Kilianza na kiti! Kilianza na mtu aliyekaa, mwenye jina, anayeujua uso wa mgonjwa wake kwa saa nane mfululizo. Baadaye mashine nzuri zikaja zikachukua kazi ya mkono, na Mungu azibariki. Lakini zilipochukua kazi ya mkono, kiti nacho kikaondolewa, na yule aliyekuwa akikalia akawekwa nje ya mlango na kuambiwa arudi saa kumi jioni.

Wakubwa watanijibu: kijana, hatuna watu. Muuguzi mmoja ana wagonjwa wanne, wewe unamtaka mwanasaikolojia. Nakubali watu ni wachache. Lakini sijataka kochi la ngozi na mtu mwenye ndevu. Ukitamka neno saikolojia hapa kwetu watu wanasikia Mirembe, wanadhani unasema ndugu yao ni mwehu, na mazungumzo yanaishia hapo. Ninachotaka mimi ni kidogo hata naona haya kukiomba. Mgonjwa arudishiwe miwani yake na meno yake ya bandia, maana wapo wanaolaumiwa hawali nyama na meno yao yako kabatini. Aambiwe leo ni siku gani. Kabla bomba halijasukumwa aambiwe ndani yake kuna nini, hata kama mnadhani hasikii, kwa sababu mjomba alikuwa anaona. Na ndugu mmoja akae. Huyu ndugu mnamfukuza, ndiye mfanyakazi asiyedai mshahara! Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya ICU 68 za Marekani, wagonjwa zaidi ya 15,000, waliotunzwa kwa utaratibu ambao pamoja na kupunguza dawa za usingizi na kumsimamisha mgonjwa mapema, ulimhesabu pia ndugu kama sehemu ya tiba. Kadiri utaratibu ule ulivyotimizwa, ndivyo walivyoweweseka wachache, na waliokufa wakawa wachache.

Maafisa ustawi wa jamii tunao katika hospitali zetu, tena ni watu waliosomea. Sisi wa kwetu tulimwona siku ya bili. Alikuwa mwema, alitusaidia kulipa kwa mafungu. Lakini nilimtazama nikawaza: ungekuja siku ile ya kijiko, dada yangu.

Wabishi waliosoma zaidi yangu watanitupia karata yao, na heri niitupe mimi mwenyewe. Uingereza walijaribu. Waliwafundisha wauguzi wa ICU kutoa msaada wa kisaikolojia kwa wagonjwa, wakapima baada ya miezi sita, na matokeo yaliyotoka mwaka 2019 hayakuonyesha kwamba jinamizi za baada ya ugonjwa zilipungua kuliko kwa wengine. Sawa, nimeisoma, nimeikubali. Faraja si dawa ya chupa kwamba ukimpa mtu vijiko viwili anapona. Lakini hoja yangu haikuwa hiyo. Sisemi mazungumzo yatafuta kila ndoto mbaya. Nasema huwezi kumlisha mtu anayeamini unamlisha gundi, na huwezi kujua anaamini nini kama hukumuuliza. Hilo linahitaji utafiti gani?

Nanyi ndugu wa wagonjwa msicheke, zamu yenu imefika. Shangazi yangu, Mungu amweke, siku ya pili alificha uji wa ulezi chini ya kitenge, akamsubiri sista ageuke, akamshindilia mjomba kijiko akiwa amelala chali. Kwa mapenzi! Mjomba alikohoa mpaka akawa wa bluu. Mtu aliyekaa na mpira kooni kwa siku nyingi koo lake limelegea, halijui tena njia ya chakula na njia ya hewa, na uji ukienda pafuni unarudi kwenye mashine uliyoikimbia. Tena aliyeshinda njaa muda mrefu akijazwa chakula kingi kwa ghafla, chumvi za damuni zinavurugika na moyo unaweza kusimama; waliliona hilo kwa wafungwa wa vita waliofunguliwa mwaka 1945. Kwa hiyo upendo nao uulize kwanza. Ukaidi wa sista na huruma ya shangazi vilifanana kwa jambo moja: vyote viwili viliutazama mdomo wa mjomba na kuona tundu.

Na sisi waandishi je? Sisi ndio wa kwanza kusema uongo. Katika kikao chetu cha mwisho cha kusomeana kazi zilisomwa hadithi sita, tatu zilikuwa na mgonjwa mahututi, na wote watatu waliinua mkono dhaifu, wakasema neno zito la hekima, wakakata roho. Wenzangu, mtu mwenye mpira wa hewa hawezi kusema hata "maji", umepita katikati ya sauti yake! Na kwa nini mgonjwa wetu akikataa kula ni lazima awe amekata tamaa ya mapenzi? Tunamwua kwa sababu hatujui la kumfanyia, kama vile wodi inavyomwita mkaidi kwa sababu haina muda. Mimi ni mmojawapo, nimeshaungama.

Kumbe ipo kazi ambayo mwandishi angeweza kuifanya mle ndani. Katika nchi za Skandinavia wauguzi walianza, tangu miaka ya 1980, kumwandikia mgonjwa daftari: leo umetolewa dawa ya usingizi, leo mkeo alikuja, leo ulijaribu kung'oa mpira tukakuzuia. Lugha ya kawaida, siyo ya faili. Akipona anakabidhiwa, apate kuziba mashimo ya siku asizozikumbuka na kutenganisha lililotokea na aliloliota. Jaribio la mwaka 2010 katika hospitali 12 za Ulaya lilikuta kwamba waliopewa daftari baada ya mwezi mmoja, 5 kati ya 100 ndio waliopata maradhi ya mshtuko wa akili, na waliokuwa hawajapewa, 13. Jaribio la Ufaransa la mwaka 2019 halikuona tofauti hiyo, kwa hiyo sitawauzia kama muujiza. Nasema tu linahitaji kaunta buku na kalamu, na sisi tunazo.

Yangu ilikuwepo, ingawa niliiandika kwa ulafi wangu wa riwaya. Mjomba alitoka hospitali mwezi Agosti, akakaa nyumbani miezi minne kabla ya kushika randa. Alikula kidogokidogo, mchana tu, na mwanzoni hakugusa kitu chochote cheupe: si uji, si maziwa, si wali wa nazi. Mkaza mjomba alitia majani ya chai kwenye maziwa mpaka yakawa ya kahawia, hapo akanywa. Usiku mmoja umeme ulipokatika akaniuliza, "Mpwa wangu, eti uliandika mambo yangu?" Nikaona aibu, nikaleta kaunta buku, nikamsomea kwa tochi ya simu. Siku ya pikipiki. Siku ya mashine. Siku mkaza mjomba alipopigia vigelegele korido. Akacheka hapo mpaka mbavu zikamuuma. Alinisimamisha mara nyingi: "Kumbe yule mwenye barakoa ya bluu alikuwa daktari?" "Kumbe sikutolewa nje usiku?" Nilipofika ukurasa wa siku ya 14, penye ile sentensi yangu nzuri kwamba mjomba amekata tamaa ya kuishi, akaninyooshea kiganja.

"Futa hapo," akasema. "Sikukata tamaa mimi. Niliogopa."

Nikafuta. Akaniomba kalamu, akasogeza daftari kwenye mwanga, akaandika mwenyewe juu ya mstari niliokata, kwa zile herufi kubwa anazoandikia vipimo kwenye mbao.